Mtoto wa Kigwa Aliyenyonya kwa Ratiba ya Garimoshi

Ninyi mnaoanza kazi ya kuwasaidia wazazi wapya mmeniomba niwaandikie jinsi ya kumweka mtoto kwenye titi. Nitaandika, msiwe na haraka. Lakini kwanza mjue mnayemwomba mafunzo ni nani. Mimi, Mwajuma, ndiye niliyewahi kumkabidhi mtoto mchanga kwa garimoshi. Nilimwambia mama yake asimnyonyeshe mpaka asikie honi, na wakati nasema hayo nilikuwa na akili zangu timamu, tena nilijiona mjanja kuliko watu wote wa Tabora.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Kliniki yetu ilikuwa nyumba ndefu ya matofali na bati, upande mmoja wodi ya wazazi, upande wa pili chumba cha watoto. Ndiyo, watoto walikuwa na chumba chao. Mama analala huku, mtoto analala kule, katikati ukuta. Kila baada ya saa nne Sista anapiga kengele, nasi wasaidizi tunawabeba watoto wawili wawili kuwapelekea mama zao. Dakika ishirini zikiisha, kengele tena, tunawanyang'anya. Mtoto akilia kabla ya kengele aachwe alie, eti anakuza mapafu. Hivyo ndivyo kitabu cha Sista kilivyosema, na Sista hakuwa mtu wa kubishana na kitabu.

Simtaji jina, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwekundu kwa jua letu, na alitembea siku zote kama aliyechelewa. Kifuani alibandika kitu cha duara cha fedha kilichoning'inia kichwa chini, na sisi wasaidizi tulikubaliana kuwa ni nishani aliyopewa vitani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuagiza tu: lete maji, fungua dirisha, nyamaza. Yaliyozidi hapo yalipitia kinywani mwangu, kwa kuwa baba yangu alikuwa karani na alinifundisha Kiingereza nyumbani. Kinyamwezi nilikinyonya kwa mama yangu, mtu wa Sikonge. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, na huko kinywani mwangu ndiko mambo yalikoharibikia.

Mtu mwingine wa kumjua ni Bi Tausi. Kwenye orodha ya kliniki aliandikwa mfagizi. Alikuwa mzee wa mtaa wa Gongoni, mfupi na mnene, na ufagio haukumtoka mkononi ingawa pembe za wodi hazikuwahi kuuona. Bibi yake alikuwa mke wa mpagazi wakati wa misafara ya pembe za ndovu, na alijifungua njiani kati ya Tabora na Ujiji. Bi Tausi alipenda kutusimulia habari hiyo: mzigo kichwani, mtoto mgongoni, mtoto akilia anazungushwa mbele, ananyonya huku mama anatembea, hivyo hivyo mpaka Ujiji. Akimaliza anaitazama saa ya ukutani kwa dharau, kisha anakwenda kuegemea ufagio chini yake.

Sasa saa ile. Ilikuwa kubwa, ya mbao, na kioo chake kilivunjika zamani. Watoto wakianza kulia kabla ya wakati, Bi Tausi aliinua ufagio kama anayeondoa utando wa buibui, akausukuma mshale mrefu kwa mpini, taratibu, nusu saa, wakati mwingine saa nzima. Kisha anakohoa. Sista anatoka ofisini, anatazama ukutani, anapiga kengele, watoto wananyonya. Wakishiba na kulala, ufagio unapanda tena na mshale unarudishwa nyuma, ili jioni isifike jua likiwa bado utosini.

Haikuwa kazi safi sana. Siku moja aliusahau mshale mbele, mpishi akaleta chakula cha mchana wakati wazazi hawajamaliza uji wa asubuhi. Sista akamwita fundi saa wa sokoni, mzee mmoja mpole. Alikuja mara tatu. Aliifungua, akaipuliza, akaitia mafuta, akaiweka sikioni. Mara ya tatu aliniita pembeni akaninong'oneza kwamba saa ni nzima, ila ina mwenyewe, na mwenyewe huyo si binadamu. Akaisomea dua, akaenda zake. Bi Tausi aliitikia amina kwa sauti kuliko sisi sote.

Haya, titi. Wiki yangu ya kwanza nilimshika mtoto kisogo nikamsukuma kwenye titi. Mtoto akapiga kelele, mama yake akapiga kelele, nami nikazidi kusukuma. Bi Tausi akauweka ufagio chini.

"Mwajuma, wewe ukisukumwa kisogo kwenye sinia la wali, utakula?"

Nikasema sitakula.

"Basi muache mwenzio ale."

Akanionyesha, na ndivyo nilivyowaonyesha wengine miaka yote. Mama akae vizuri kwanza, mgongo uegemee, maana mwenye kuumia mgongo hana subira. Mtoto ageuzwe mwili mzima, tumbo lake kwa tumbo la mama, si shingo peke yake. Mtoto ndiye aletwe kwenye titi, siyo titi limfukuze mtoto. Mguse mdomo kwa chuchu, usubiri apanue kinywa kama anayepiga miayo, hapo ndipo umvute karibu bila kusitasita, ashike chuchu pamoja na weusi wake. Kidevu kizame kwenye titi, pua iwe huru. Halafu funga mdomo wako usikilize. Ukisikia anameza, nenda kanywe chai. Ukiona analambalamba na mama anakunja uso, ingiza kidole kidogo pembeni mwa mdomo wa mtoto, mtoe, muanze upya. Hata mkianza upya mara tano si aibu.

Na dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, msikubali yakamuliwe chini. Kina mama wakwe wengi waliyaita usaha. Bi Tausi hakubishana nao; aliwaambia hayo ndiyo yanayomfanya mtoto afanane na ukoo wa baba, na kuanzia hapo wakwe wakayalinda tone kwa tone. Huo ulikuwa uongo mtupu, msiuige, ingawa ulifanya kazi kuliko ukweli wangu wote.

Matatizo yangu yalianza pale wazazi walipotoka wodini kwenda makwao. Sista alitaka waendelee kunyonyesha kila baada ya saa nne, na makwao hakuna saa, wala ufagio wa Bi Tausi haufiki. Nami nikapata wazo, Mungu anisamehe. Wanawake Waislamu wa Gongoni na Ng'ambo niliwaambia wafuate adhana. Wakatoliki niliwapa kengele ya kanisa. Wake wa mafundi wa reli niliwapa king'ora cha karakana. Hesabu haikutoka sawasawa, lakini kila Sista alipouliza kama mama ananyonyesha kwa saa, nilijibu ndiyo bila kumung'unya maneno.

Vituko havikukosekana. Mwadhini mmoja alipougua koo, mama mmoja alimtuma mumewe akamjulie hali na kumuuliza kama mtoto anaweza kunyonya. Na siku ya maziko ya mzee mmoja Mkatoliki kengele ililia asubuhi nzima, mtoto wa jirani akanyonyeshwa mpaka akatapika. Mimi nilicheka tu, nikawasimulia watu sokoni. Sikujua kuwa naonywa.

Ndipo akaja Nyamizi wa Kigwa. Alikuwa binti mdogo, uzazi wake wa kwanza, mama yake amekwisha kufa na mama mkwe wake yuko mbali Kaliua. Mumewe, Kasanda, alikuwa kibarua wa genge la kutengeneza reli, kwa hiyo alipata nafasi ya kumleta mkewe mjini kwa gari la moshi. Mtoto wao wa kike walimwita Kabula, yaani wa mvua, kwa sababu alizaliwa mvua zikianza. Kabula alinyonya vizuri kuliko watoto wote wa wodini, na siku ya kuondoka alikuwa na mashavu ya kubanwa na kila apitaye.

Siku hiyo nikaanza kuumiza kichwa. Huko wanakokaa hawasikii adhana, na kanisa liko mbali. Kuna nini basi? Kuna reli. Nikamuuliza Kasanda magari yanapita mara ngapi, akafurahi kana kwamba nimemuuliza habari za ng'ombe wake. Alinitajia yote, la abiria na la mizigo, la kwenda na la kurudi, na kila moja lazima lipige honi kwenye kona kabla ya stesheni. Nikahesabu kwa vidole, nikaona yanatosha.

"Kila gari likipiga honi, Kabula anyonye," nikamwambia. "Kabla ya honi, hapana. Hiyo ndiyo amri ya kliniki."

Kasanda alisimama wima kama anayekabidhiwa bendera. Baba wa namna hiyo mtamwona mara chache, na mkimwona mwogopeni kidogo, maana kila mtakalomwambia atalitenda.

Wiki kadhaa baadaye, mvua zikiwa zimepamba moto, walirudi kumpima mtoto. Nikamweka Kabula kwenye kapu la mizani, nikasoma, nikamtoa, nikamweka tena. Mashavu hayakuwapo. Uso wake ulikuwa umekunjamana, na alilia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia sana kabla hujafika. Alikuwa mwepesi kuliko siku aliyotoka kwetu. Kasanda yeye alitoa fimbo nyembamba aliyoichonga alama kwa kisu, alama moja kwa kila gari lililopita.

"Kila gari, Bi Mwajuma," akasema kwa fahari. "Hata la mizigo. Hatujakosa hata moja."

Sista alidaka neno gari. Akaniuliza kwa Kiingereza huyu baba anasema nini kuhusu gari. Hapo nilipewa nafasi ya kusema kweli, tena nimefunguliwa mlango kabisa. Nikamjibu kwamba anasema wamekuja kwa gari. Akauliza kama mama ananyonyesha kwa saa. Nikasema ndiyo, kwa saa kabisa.

Sista akatikisa kichwa, akaandika. Akasema maziwa ya mama huyu hayatoshi, na wiki ijayo waje tena ili mtoto aanzishiwe chupa na maziwa ya kopo.

Mjue chupa ilimaanisha nini kwa nyumba ya Kigwa wakati ule. Ni maji ya kisima ambayo hayakuchemka, mpira wa chupa unaoshinda na inzi, na kopo likiisha anapewa uji mwepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Nilikuwa nimewaona watoto wawili wa chupa wakiletwa kwetu wamekauka kwa kuhara, na mmoja wao hakurudi nyumbani. Nililijua hilo, na bado nilinyamaza, kwa sababu niliipenda kazi yangu na nilipenda zaidi kuonekana mjanja. Naona aibu hata leo ninapoandika.

Walipoondoka, Bi Tausi aliniuliza ile fimbo ilikuwa ya nini. Nikamweleza, nikijitia kucheka. Yeye hakucheka.

"Mimi nimedanganya saa," akasema. "Wewe umemdanganya mtoto."

Akaniamuru nipande gari la kesho yake niende Kigwa. Sista ataambiwa kuwa nimeshikwa na tumbo la kuendesha, ugonjwa ambao hakuna Mzungu anayeuliza maswali zaidi juu yake.

Nilifika stesheni ya Tabora saa mbili asubuhi. Gari liliondoka saa saba mchana. Mvua ilikuwa imebomoa tuta la reli huko mbele, kwa hiyo magari yalizuiwa, halafu yakaachiwa moja moja. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi ile, njaa inaniuma, na ndipo ilipoanza kuniingia akilini kwamba Kabula naye yuko kwao hivi sasa analingoja gari hili hili. Mimi nilinunua mhogo wa kuchoma. Nilipokumbuka kuwa yeye hana wa kumuuzia mhogo, sikuweza kuumaliza.

Honi ililia kwenye kona, tukaingia Kigwa. Nilipofika nyumbani kwao nilimkuta Nyamizi amekaa mlangoni, mtoto yuko kwenye titi, na Kasanda anachonga alama mpya kwenye fimbo. Ilikuwa alama ya gari nililokuja nalo. Kumbe nilikuwa nimeingia mji ule kama chakula cha mchana.

Nyamizi alinisalimia kwa Kinyamwezi, akitaka kupiga magoti na mtoto mkononi. Kabla hatujamaliza kuulizana habari, honi ikalia tena. Lilikuwa gari la mizigo lililozuiwa nyuma yetu. Kasanda akainua kidole, na Nyamizi, ambaye ndiyo kwanza amemtoa mtoto, akamrudisha. Muda si muda likaja la tatu. Kabula akatapika yote. Kisha Kasanda akanieleza kwamba baada ya hapo huenda lisije lingine mpaka giza liingie. Nikamuuliza katikati hapo mtoto akilia anapewa nini. Akasema anapewa maji ya uvuguvugu, kwa sababu hata injini inasimama njiani kunywa maji.

Nilimvuta Nyamizi nyuma ya nyumba. Huko ndiko alikoniambia.

"Dada, akilia, maziwa yanatoka yenyewe. Nilikuwa nayakamua chini, nisivunje amri. Sasa hata hayatoki."

Nililia mbele yake, mtu mzima niliyekuja kutoa msaada. Yeye akanishika bega kunibembeleza, na hapo nikalia zaidi.

Nilimrudia Kasanda. Nikamwambia kwamba amri ile haikutoka kliniki wala kwa Sista, niliitunga mimi mwenyewe.

"Una cheo gani?" akaniuliza.

"Sina cheo. Ni msaidizi tu."

Akaiangalia fimbo yake kwa muda mrefu, alama baada ya alama. Kisha akasema kwa upole, na upole wake ulinikata kuliko matusi, kwamba kwenye genge lao mtu akitoa ishara bila ruhusa anaondolewa njiani siku hiyo hiyo, maana watu watakufa. Nikamjibu kwamba ndiyo maana nimekuja. Mtoto ndani akaanza kulia.

"Sasa nani anatoa ishara?" akauliza.

"Kabula."

"Bila ratiba?"

"Bila ratiba."

"Hata mara mbili kwa saa moja?"

"Hata mara tatu."

Kasanda akaingia ndani, akaitoa bendera yake ya kijani ya kazini, ile ya kuruhusu gari lipite, aliyokuwa ameichomeka kwenye paa, akaitundika juu ya kitanda cha mtoto.

"Basi yeye ndiye stesheni masta," akasema, na hakutabasamu hata kidogo.

Tumbo langu la kuendesha lilidumu siku tatu. Siku ya kwanza nilimlaza Kabula kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kanga juu, na kila akichezesha mdomo anawekwa. Nilikanda matiti kwa kitambaa cha maji ya moto. Tulikamua katika kikombe, tukapata kiasi cha kulowesha kijiko, tukampa kwa kijiko hicho. Nyamizi nilimpikia uji wa karanga, na mchana ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, nikamsimamia mpaka sahani ikawa nyeupe. Mtoto alinyonya na kulia, akalia na kunyonya. Nilitega sikio siku nzima na sikusikia akimeza. Jioni nilianza kuiona ile chupa ya kliniki machoni mwangu.

Kasanda alikuwa amezoea kuchonga, sikumnyima. Nilimwambia akate fimbo mpya, na kila Kabula anaponyonya aweke alama, gari au pasipo gari. Mkipata baba anayetaka kazi, mpeni kazi, ila mpeni iliyo sahihi. Siku ya pili asubuhi, Kasanda akilalamika kwamba kisu kimeanza kuwa butu, nilisikia mtoto anameza. Mara moja, kimya, mara mbili, kisha mfululizo. Nyamizi alinitazama, akaweka kidole mdomoni nisije nikasema neno nikaharibu. Siku ya tatu nguo za mtoto zililowa mara tano kabla ya adhuhuri, na sijapata kufurahia mkojo wa mtu kiasi kile.

Siku ya kliniki walikuja wote watatu. Sista alikuwa amekwisha kuiweka chupa mezani, imechemshwa, inang'aa. Nikamweka Kabula kwenye kapu. Mizani ikapanda. Sista akanisogeza, akampima mwenyewe, akatazama daftari lake, akampima tena. Hapo Kasanda akasogea mbele, akaziweka fimbo zake mbili kando ya chupa. Ya kwanza ilikuwa na alama chache zilizoachana. Ya pili ilichongwa mpaka hapakuwa na mahali pa kushika.

Sista akaniuliza hizi ni nini.

Nilimtazama Bi Tausi, akawa anatazama dari. Nikamweleza Sista yote kwa Kiingereza, adhana, kengele, king'ora, honi na tumbo la kuendesha. Maneno mengine yalinipotea, lakini sikuruka kitu isipokuwa ufagio. Ufagio haukuwa wangu kuusema. Nilipomaliza nilianza kufungua vifungo vya aproni yangu ya kazi ili niirudishe.

Sista alipitisha kidole kwenye fimbo ya kwanza, kisha kwenye ya pili, polepole, mpaka mwisho. Halafu akaishika ile nishani yake ya kifuani, akaigeuza, na kwa mara ya kwanza nikaiona uso. Ilikuwa saa. Akaitazama, akainua macho kutazama saa ya ukutani, ambayo wakati huo ilikuwa mbele karibu saa nzima.

"Hii haijakosea hata dakika moja tangu nifike Tabora," akasema.

Sikuhitaji kumtafsiria Bi Tausi. Ufagio ulimdondoka wenyewe.

Kumbe siku zote alijua. Kila alipopiga kengele ile kabla ya wakati, alijua. Akaniambia kwamba kila wiki aliandika uzito wa watoto walionyonya kwa ile saa mbovu, na ndio waliokuwa wazito kuliko wote, lakini kitabu kimetoka kwa wakubwa wake na hakuwa amepata moyo wa kuwaandikia kwamba hakifai. Nilikasirika, siwafichi. Wazazi wangapi walikuwa wamekwenda makwao na saa nne zile, na yeye anajua. Kisha nikakumbuka kwamba mimi nami nilijua habari za chupa na nikanyamaza. Tulikuwa wanawake watatu chini ya bati moja, kila mmoja anawaficha wenzake jambo lile lile, na mtoto wa Kigwa ndiye aliyekuwa analipia.

Aproni hakuipokea. Alinipa adhabu nyingine: kila wiki nipande gari niwafuate wazazi makwao, niwaone kwa macho yangu, nisimpe mtu amri yoyote kabla sijakaa nyumbani kwake mchana mzima. Adhabu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu mpaka nikastaafu. Nilishuka Kigwa na Kaliua mpaka wauza mihogo wakanijua kwa jina, na Sikonge nilikwenda kwa baiskeli, nikianguka mchangani na mizani mgongoni. Chupa ilirudi kabatini. Sista akamgeukia Bi Tausi, na kwa Kiswahili chake cha kuagiza akamwambia aokote ufagio, aendelee kuondoa utando wa buibui.

Basi mkipima mtoto mkaona hapandi, msianze kwa kumuuliza mama anakula nini au maziwa yake yana kasoro gani. Jiulizeni kwanza mlimwambia nini.

Kabula mwenyewe alikuja kwetu akiwa mtu mzima, Mwingereza akiwa bado hajafunga mizigo yake, amebeba mtoto wake wa kwanza. Kasanda alimsindikiza, kichwa cheupe, ameshaacha kazi ya reli. Wakiwa kwenye foleni mtoto akaanza kulia, nami kwa mazoea nikasogea, nikafungua kinywa kutoa mafunzo. Kasanda akainua kidole kile kile.

"Bi Mwajuma, wewe usiseme neno. Stesheni masta ameshatoa ishara."

Kabula alikuwa amekwisha kumweka. Nikafunga mdomo, nikasikiliza. Alikuwa anameza. Nikaenda kunywa chai.